Matusi ya Sista Ernestina

Watu wa Shishiyu walisema Sista Ernestina ni mpole, na hapo ndipo unapojua kwamba watu wa Shishiyu hawatazami. Waliona kitambaa cheupe kichwani, rozari kiunoni, miguu inayokanyaga taratibu, wakaridhika. Macho yake hawakuyachunguza. Alikuwa na macho ya mnunuzi wa mnadani, yule anayemzunguka ng'ombe, akatazama meno, akatazama kwato, halafu akaenda zake bila kutaja bei. Hivyo ndivyo alivyowatazama watu, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao aliwaacha palepale, kamba shingoni.

Si kwamba hakuwapenda. Aliwaosha vidonda, aliwazalisha wake zao, aliwafundisha watoto wao kusoma. Lakini kumpenda mtu na kumheshimu ni mambo mawili, na hilo la pili Sista Ernestina alilitoa kwa kijiko kidogo sana.

Alizaliwa hapohapo Shishiyu, binti wa Bundala, mzee aliyejivunia vitu viwili tu, zizi lake na kinywa chake. Zizi lilijaa ng'ombe na kinywa kilijaa matusi. Matusi yenyewe yalikuwa ya halali, kwa sababu ukoo wa Bundala ulikuwa na watani wake, ukoo wa akina Masele, na utani ule haukuanza kwa kucheka. Ulianza kwa vita. Zamani za mababu, koo hizo mbili ziligombea maji ya kunyweshea mifugo, zikauana mpaka kila upande ukakosa watu wa kuzika maiti zake. Hapo ndipo walipokaa wakapatana: toka leo hatutarushiana mishale, tutarushiana maneno, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Na mtu wetu akifa, nyie mtamchimbia kaburi. Wa kwenu akifa, tutamchimbia sisi. Basi ikawa hivyo. Bundala alikuwa akienda kwenye misiba ya akina Masele anamtukana marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka, huku jembe liko mkononi na kaburi linaenda chini. Binti yake alikuwa akisimama karibu akisikiliza. Katika mambo yote aliyofundishwa utotoni, hilo alilijua kuliko kusuka mkeka.

Kaka yake, Salu, alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu. Alifika mpaka Burma, akarudi na koti na ukimya. Hakulala ndani tena. Alilala zizini katikati ya ng'ombe, akisema kwamba ng'ombe hawapigi kelele za amri. Siku moja dada yake akamwuliza kule walikuwa wanagombea nini. Salu akaenda machungani nalo lile swali kutwa nzima, na jioni aliporudi akamwambia kwamba hakuambiwa. Toka siku hiyo yule binti akaichukia vita kama mtu anavyomchukia mwizi aliyeingia nyumbani kwake mwenyewe, na aliposikia kwamba wako wanawake waliokataa kuolewa ili wakae kwa ajili ya amani na maskini, akawafuata misheni, upande wa Nyalikungu. Bundala alilalamika mpaka siku ya kufa kwake. Alisema Mungu ndiye mwenye ng'ombe wote wa dunia, naye amemchukua binti yake bila kuleta hata ndama.

Alirudi Shishiyu mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita akiwa sista kamili, katika nyumba ya bati ya masista watatu. Mkubwa wao alikuwa Sista Apolonia, Mzungu, mwanamke mwema aliyeungua pua kila siku ya Mungu na asijifunze kuvaa kofia. Wa tatu alikuwa Sista Felisita, kijana wa Busega, mtoto wa wavuvi, aliyeogopa ng'ombe, Mama Mkuu na ngurumo.

Sista Apolonia alikuwa na ramani ya dunia ukutani. Alichomeka pini nyekundu kila palipokuwa na vita. Pini ilikuwa Algeria, pini ilikuwa Misri, pini ilikuwa Kenya hapo jirani, na kila Ijumaa masista walipiga magoti mbele ya ramani wakaomba kwa zamu, nchi kwa nchi. Alikuwa pia akiwaandikia wakubwa wa dunia kuwasihi waache mabomu, na wakubwa hawakumjibu, naye aliwaandikia tena. Sista Ernestina aliomba kwa moyo wote, kwa maana alimjua Salu, na kila pini aliiona imechoma mtoto wa mtu anayelala zizini. Lakini akisha kusema amina alikuwa akiitazama ile ramani namna anavyomtazama mtu anayefagia uwanja wa jirani huku kwake kumejaa mavi ya kuku. Shishiyu haikuwa na pini. Hata jina haikuwa nalo pale ukutani, ilikuwa sehemu nyeupe tu.

Na Shishiyu ilikuwa na Masele.

Masele huyo, wa ukoo ule wa watani wa Bundala, alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji kwa niaba ya mtemi. Serikali ilikuwa imeamuru kila mtu alime kwa matuta katika shamba lake mwenyewe. Masele aliichukua amri ile akaivuta kama ngozi mbichi mpaka ikalifunika na shamba lake la pamba. Asubuhi ngoma ikipigwa, watu wote wanatoka na majembe, wanapalilia pamba ya Masele, na Masele anakaa juu ya kiti cha kukunja anasema hii ni kazi ya serikali. Hakuna aliyesadiki, na hakuna aliyekosa kwenda. Hawa ndio watu wa Shishiyu. Wakiwa njiani kwenda shambani wananong'ona kwamba Masele ni mwizi, wakifika wanamwamkia kwa kuinama mpaka matako yanatazama mbingu.

Katika darasa la wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, Sista Ernestina alifundisha dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Aliifundisha hiyo kwa sauti kubwa kuliko nyingine zote, dirisha likiwa wazi. Darasa zima liliikariri vizuri. Wanaume wenye ndevu waliiimba kama watoto wanavyoimba hesabu, wakapata alama zao, wakaenda zao kupalilia pamba ya Masele. Mmoja tu ndiye aliyeidhania ni kweli. Huyo aliitwa Mahona, mtu mfupi, mwenye kifua kibovu, wa ukoo mmoja na Bundala, ambaye Sista Ernestina alimwita baba mdogo. Siku wanaume walipokutana kwenye dagashida, yaani baraza lao la kijiji, Mahona alisimama akasema kwamba shamba lile ni la Masele, si la serikali, na kwamba yeye na mke wake hawatakwenda tena mpaka wapate ujira, kwa kuwa Sista amesema ni dhambi. Halafu akakaa chini akakohoa.

Baraza zima lilijua kwamba amesema kweli. Likamtenga siku hiyohiyo.

Kutengwa kwa pale hakuna mchezo. Nyumba ya Mahona isipewe moto, isichotewe maji, isisemeshwe wala kusalimiwa, na mtu akifa humo asichimbiwe kaburi. Atakayekiuka, naye ametengwa. Masele hakulazimika hata kuinua sauti. Alitaja jambo, na wanaume wale, wengine wenye ng'ombe kuliko yeye, wakaitikia mmoja mmoja, kila mmoja akitazama kwanza jirani yake ameitikia vipi.

Sista Ernestina akawa anapeleka moto kwa Nyanjige, mke wa Mahona, ndani ya kopo. Alipita nalo mchana, katikati ya kijiji, linafuka moshi. Masista hawakuweza kutengwa, kwa sababu Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wilayani, alikuwa akija kunywa chai kwao, basi watu wakajifanya hawamwoni. Sista anapita na kopo la moto, wanawake wanainama kufunga kamba za mbuzi ambazo hazikufunguka. Alikuwa akiwatolea salamu kwa makusudi, kila mmoja kwa jina lake, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, mpaka wapate taabu ya kuchagua kati ya adabu na woga. Walichagua woga. Alijua watachagua hivyo, na bado aliwasalimia, kama mtu anayechokonoa kidonda kuona kama kuna usaha.

Lakini usiku hakulala vizuri. Mahona alizidi kukohoa, na kila kikohozi Sista Ernestina alikisikia kikisema, Sista amesema. Aliwadharau wote wale waliokariri bila kuamini, na aliyeamini ndiye aliyekuwa anakufa.

Mahona akafa alfajiri moja ya Januari, wakati mvua zilipokuwa zimekatika na palizi imepamba moto. Sista Ernestina alikuwa amekwisha kumbatiza mwenyewe kwa kikombe cha chai, kwa vile Padre alikuwa safarini huko ziwani Lamadi akiungamisha watu. Nyanjige hakulia. Alitoka nje akasimama mlangoni, na desturi ni kwamba kilio cha kwanza kikisikika majirani wanatupa kila walichoshika wanakuja. Akaona afadhali asilie, kuliko alie wasije.

Sasa jambo lilikuwa ni hilo moja tu, kumzika Mahona. Mwenye nyumba huzikwa zizini mwake, na zizi lilikuwa limekanyagwa na kwato kwa miaka, chini ya samadi udongo umekuwa kama sakafu. Wanaume ndio wanaochimba, na mwanamume alikuwa mmoja tu katika nyumba ile, naye ndiye aliyekuwa amelala ndani. Salu hakuwapo tena duniani kumsaidia. Na jua la mwezi ule halimngojei mtu.

Sista Apolonia, alipopewa habari, alitokwa na machozi ya kweli. Halafu akasema mambo ya utawala si yao, wakigombana na mwanangwa shule itafungwa, na kwamba wataiombea nyumba ya Mahona na wataandika kwa Bwana Shauri. Sista Ernestina akaitazama ile ramani, akauliza kama kuna pini iliyobaki. Kisha akachukua jembe nyuma ya jiko, akamwita Sista Felisita, wakaenda.

Walichimba watatu, yeye na Felisita na Nyanjige mwenyewe. Kwa watu wa pale, mwanamke kuchimba kaburi ni jambo la kutisha, na mjane kumchimbia mumewe halijapata hata jina. Nyuma ya ua wa minyaa kulikuwa na macho. Sista Ernestina aliyasikia, kwa maana watu hupumua. Kuna aliyeguna kwa huruma, na huruma ile ilimnukia vibaya kuliko mavi ya ng'ombe aliyokuwa amesimama ndani yake. Jembe lilikuwa likigonga chini linaruka. Felisita analia na kuchimba, anachimba na kulia. Jua lilipokwisha kupanda vizuri shimo lilikuwa linafika magotini, na ndani ya nyumba inzi walikuwa wamekwisha kujua.

Sista Ernestina akaliweka jembe chini. Alikwenda vilevile alivyo, kanzu nyeupe imekuwa ya rangi ya samadi mpaka kiunoni.

Shamba la Masele lilikuwa limejaa watu. Machibya, mpiga ngoma wa vijana wa jembe, alikuwa akipiga, na mistari ya wanaume na wanawake inasogea ndani ya pamba, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Masele alikuwa pembeni. Alikuwa ameinuka kujinyoosha, kiti chake kiko nyuma yake. Sista Ernestina alifika, akapita mbele yake bila salamu, akakaa kwenye kile kiti.

Ngoma ikapoteza mwendo.

"Masele," akasema, "nimekuja kukuambia mtani wako amekufa. Unangoja nini hapa? Unataka aje mwenyewe akuite?"

Masele akatazama pamba. Akasema kwa upande, akimwelekea Machibya, kwamba huyo mama aambiwe yeye hawezi kuzungumza habari za nyumba iliyotengwa, na tena sista hana ukoo, ameolewa na Mungu, basi hana mtani hapa duniani.

"Machibya, mwambie bwana wako," Sista akasema, "mimi niliacha ng'ombe wa baba yangu. Kinywa chake sikukiacha."

Akaanza. Wazee waliokuwapo walisema baadaye ilikuwa kama Bundala amefufuka na kuvaa kanzu. Alisema Masele ana tumbo la mtu tajiri na miguu ya mtu anayelitumikia. Alisema Masele akikaa juu ya kiti hiki anafanana na kuku anayeatamia mayai ya bata, haelewi atatoa nini, ila hataki kuondoka. Alisema ukoo wote wa akina Masele ni watu wa kuitwa kazini mara tatu na kwenye nyama bila kuitwa, na kwamba siku mama yake alipomzaa mkunga alimtazama akasema tungoje kidogo, labda mtoto mwenyewe yuko nyuma. Aliyasema bila kupandisha sauti, uso mkavu, mikono juu ya rozari. Majembe yalisimama mstari baada ya mstari. Wanawake waliziba vinywa kwa khanga.

Masele alivumilia. Shingo yake ilivimba, lakini alivumilia. Tatizo la Masele lilikuwa moja, na Sista Ernestina, ambaye alikuwa amemtazama kwa miaka kama ng'ombe wa mnadani, alilijua. Masele alikuwa ndiye mtani mwenye kinywa kikali kuliko wote toka Bundala afe. Watu walimwogopa kwa uanangwa wake, lakini walimsifu kwa matusi yake, na sifa ile ndiyo pekee aliyoipata bila kumtisha mtu. Na muda mrefu ulikuwa umepita bila msiba wa kumstahili.

"Na babu yake," Sista akaendelea, sasa akiwaambia wapalilia pamba kana kwamba Masele hayupo, "siku ile ya vita ya maji, mnajua walimkuta wapi? Ndani ya ghala la mtama. Walimtoa kwa miguu. Makapi yalimjaa kichwani, na mpaka leo wajukuu wake wanajikuna."

Na Masele, maskini, mkono wake ulikuwa kichwani.

Kicheko kilichotoka katika lile shamba hakikuwa cha utani tu. Kilikuwa kimekaa ndani ya watu wale siku nyingi, kimeoza, sasa kikapata mlango. Masele akageuka mzima mzima akamtazama Sista usoni.

"Heri babu yangu aliyejificha ghalani," akasema, "kuliko babu yako wewe, aliyekimbia vita mpaka akasahau alikuwa anakimbilia wapi, akarudi nyumbani kwake akafikiri ni kwa adui, akajisalimisha kwa mke wake. Ndiyo maana nyumba yenu inazaa masista. Wanaume mlio nao hata mwanamke anaona heri Mungu, ambaye haonekani."

Lilikuwa tusi zuri. Watu walilia kwa kucheka, Machibya alipiga ngoma mara moja kwa kiganja, na Masele akasimama ameinua kidevu akingoja jibu, uso umemng'aa kama mtoto aliyeshinda mbio. Kwa muda ule alikuwa amesahau pamba, serikali na kutengwa kwa Mahona.

Sista Ernestina akainuka kwenye kiti.

"Umenijibu," akasema.

Masele akashusha kidevu.

"Umesema na mtu wa nyumba ya Mahona. Umenitazama machoni na umenitania. Wote hawa wamesikia, na wamecheka."

"Nimemjibu sista," akasema Masele. "Nyumba ya Mahona sikuijibu."

"Sista hana ukoo, umesema mwenyewe. Na mtu hamtanii asiye na ukoo, huyo unamtukana tu, na kumtukana sista bure ni kesi kwa Bwana Shauri. Chagua, Masele. Kama mimi ni binti wa Bundala, basi mimi na Mahona ni nyumba moja, umekwisha kuivunja mbiu yako ya kutenga kwa kinywa chako, na mtani wako analala pale hajazikwa na inzi wanamla. Na kama kutengwa bado kupo, basi toka sasa wewe pia umetengwa. Nani atakupikia leo?"

Machibya aliegemeza ngoma yake kwenye kisiki, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Kikongwe mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, ambaye siku zote alikuwa akifunga kamba ya mbuzi Sista anapopita, akaliweka jembe lake begani akaanza kwenda upande wa kwa Mahona. Halafu wawili. Halafu wote. Na hapo Sista Ernestina aliwadharau kuliko alivyowahi kuwadharau, kwa sababu walikwenda mbio. Walikwenda wanakanyaga pamba, wanasukumana, wanawake wamekwisha kuanza kupiga kilio, kana kwamba walikuwa njiani toka zamani na kuna mtu aliyewazuia. Mtu mwenyewe waliyemwogopa alibaki amesimama katikati ya shamba lake, halafu naye, alipoona amebaki peke yake na kiti, akawafuata.

Walipofika zizini walimkuta Sista Apolonia ndani ya shimo. Alikuwa amekuja mwenyewe, hana kofia kama kawaida, uso umekuwa mwekundu kama nyanya, anachimba vibaya sana. Alishika jembe kama mtu anayepiga kasia. Viganja vilikuwa vimechubuka, na shimo halikuongezeka hata nusu kiganja. Sista Ernestina alisimama ukingoni akavitazama viganja vile. Akampa mkono akamtoa.

Masele akashuka shimoni, na wanaume wengine wakampokea kwa zamu. Alichimba vizuri, hilo lazima lisemwe, na alichimba akimtukana Mahona kama desturi inavyotaka: mbishi wewe, mfupi wewe, hata kufa umengoja wakati wa palizi ili utusumbue, sasa tazama umepata matuta yako, lala humo uone. Watu walicheka wakilia. Dume jeusi la zizi lile likachinjwa, Mahona akafungwa katika ngozi ya ng'ombe huyo, Sista Apolonia akasoma sala kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, na kabla jua halijainama Mahona alikuwa chini, kamili, kama mtu mwenye nyumba anavyostahili.

Halafu ndipo ilipokuja ile sehemu ambayo Sista Ernestina hakuwa tayari nayo. Walikuja na moto. Wanawake walewale, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kijinga chake cha moto kutoka jikoni kwake, na mitungi ya maji kichwani, na unga. Uwanja wa Nyanjige ukajaa mafiga. Walilia kwa sauti nzuri. Walimwita Mahona mtu wa kweli, mtu asiyeogopa. Wanaume waliokuwa wameitikia barazani walikaa kivulini wakingoja nyama, na mmoja alikuwa anaeleza jinsi yeye toka mwanzo alivyojua kwamba jambo hili si sawa.

Sista Ernestina akamfuata Nyanjige nyuma ya nyumba. Akamwambia awafukuze. Akamwambia wamekwisha kumzika, haja imekwisha, sasa awatoe mmoja mmoja na vijinga vyao, wasile nyama ya mtu waliyemwacha afe bila salamu. Akasema kama Nyanjige hawezi, yeye anaweza, na kwa furaha.

Nyanjige alikuwa akimimina maji kwenye kibuyu. Hakuacha.

"Mwanangu," akasema, "wewe jioni utarudi kwenye nyumba yenu ya bati. Mimi nabaki nao hawa. Kesho moto wangu ukizimika nitauomba kwa nani? Kwako, kwenye kopo, mpaka nife?"

Sista akasema hawafai.

"Najua hawafai. Ningekuwa na majirani wengine ningewaita hao." Akampa kile kibuyu. "Waliochimba hawajanawa. Wewe ndiye binti wa ukoo. Kawamwagie maji."

Sista Ernestina angeweza kukataa. Kwa Sista Apolonia alikataa, kwa mwanangwa alikataa, kwa kijiji kizima. Alisimama kidogo na kibuyu mkononi, uso wake umefungwa kama duka la siku ya mazishi. Kisha akaenda kivulini, kwa wale wanaume, akaanza kuwamwagia maji. Wao walikinga mikono wakimshukuru, wakimwita mayu, wakimsifu kwa matusi yake, na yeye alimwaga bila kupoteza tone na bila kumtazama mtu.

Masele alikuwa wa mwisho. Alikinga viganja vyake vyenye udongo wa zizi, na alipoona wengine wamekwisha kwenda kwenye nyama, akasogeza kichwa karibu. Sauti yake haikuwa ya mwanangwa.

"Sista," akasema, "yale uliyoyasema shambani. Ulikuwa unatania, sivyo?"

Sista Ernestina akaendelea kumimina.

"Nawa, Masele," akasema. "Wenzako wanakula."